Guta la kunyonya choo: nimelitumia Tandale, haya ndo niliyoyaona

Choo chetu kilijaa mwezi wa tatu masika ndo kwanza yanaanza, nyumba ina wapangaji sita na watoto wao, sasa jaza mwenyewe. Nikaita lori la majitaka, dereva akaegesha barabarani, akauchungulia uchochoro wetu akacheka tu. Mpira wake haufiki. Mzee anasema anahamia hapa lori la mchanga lilikuwa linaingia mpaka mlangoni, siku hizi kila mwenye nyumba kachomoza vyumba viwili vya kupangisha upande wa njia (na sisi tumechomoza, sikatai) hadi jeneza linapita kiubavu.

Wakabaki vyura, wale wa kuingia shimoni na ndoo usiku halafu wanafukia pembeni hapo hapo. Bei yao poa, ila kisima cha jirani kiko hatua kumi, na kipindupindu cha 2015 huku Kinondoni tulikiona, kwa hiyo nikasema hapana.

Ndo nikaelekezwa hawa wa guta, kile kigari cha mizigo cha magurudumu matatu. Wako watatu, buti na glavzi wamevaa, pampu ya mkono, mapipa yenye mfuniko. Kuchelewa wamechelewa masaa matatu na simu hawapokei, hiyo imeniudhi sana. Ila kazi wanaijua aisee. Kwanza wakakaa karibu saa zima wanavua takataka na ndoano, pampasi, chupa, matambara, nusu ya jeans ya mtu! Wanacharji pembeni 20,000 kwa hiyo na sikubishana, maana gari la taka linaweza lisipite wiki mbili na mifuko haina pa kukaa, watu wanamalizia chooni. Mzigo unapelekwa kwenye tenki linalosubiri barabarani, wanasema linaenda mabwawa ya Vingunguti, risiti ya kumwaga ya jana yake nimeiona kwa macho.

Sasa bei. 15,000 kwa pipa la lita 200, mapipa nane, 120,000. Lori lilikuwa 90,000 na linabeba lita 5,000!! Yaani anayekaa uchochoroni analipa zaidi na choo kinapungua kidogo tu. Sio kosa lao, wamekuta mji uko hivyo, sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.3 na ushee, ya 2022 milioni 5.3 na ushee, na bomba la majitaka kwetu halijafika, hao wote walioongezeka huku wanashukia kwenye mashimo yale yale.

Kitu kingine, walimwaga kidogo mlangoni kwa mama wa chumba cha mwisho, wakapiga maji na chokaa ila harufu ilikaa siku mbili na mimi ndo nimesemwa.

Nawapa nyota tatu na nusu. Mapipa nane hayafiki mbali, nikipiga hesabu mwezi wa kumi nawaita tena, na safari hii nachangisha wapangaji mapema.