Komiki mpya za mashujaa: ipi ununue Jumatano hii, ipi usubiri juzuu

Kila Jumatano komiki mpya zinatoka na kila Jumatano swali ni lile lile, hela ni hii moja afu vitabu viko kibao, naanza na kipi? Msimamo wangu nausema mapema ili tusisumbuane: angalia kwanza nani kaandika na nani kachora, shujaa mwenyewe baadaye. Batman peke yake ana vitabu vingi mno kwa mwezi, ukiwa unabeba chochote chenye jina lake utajaza shelfu na vitabu vya kawaida tu, na kile kimoja cha moto kinakupita hivi hivi.

Pili, hesabu. Toleo moja la karatasi linauzwa dola 4 au 5 hivi na ndani yake hadithi ni kurasa 20 na kidogo, zilizobaki matangazo. Matoleo sita ya dola 5 ni dola 30. Subiri miezi kadhaa, matoleo hayo hayo sita yanakusanywa kwenye juzuu moja ambalo mara nyingi liko chini ya dola 20, halina tangazo hata moja. Kwahiyo kununua kila mwezi lazima kuwe na sababu, yaani kitabu kiwe kizuri kiasi kwamba kusubiri kunauma, au kiwe kimechorwa kwa namna ambayo kila toleo linajitosheleza. Hivyo ndo nilivyopanga hapa chini, sijapanga kwa umaarufu.

Na nimebaki zaidi kwenye familia mbili za mifululizo zinazobeba mazungumzo yote ya miaka hii, Absolute ya kampuni ya DC iliyoanza Oktoba 2024 na Ultimate mpya ya kampuni ya Marvel ambayo Spider-Man wake alitoka Januari 2024. Zote mbili ni dunia mpya kabisa, Superman yupo tangu 1938 na Batman tangu 1939 lakini huku huhitaji kujua lolote la zamani, unafungua toleo la kwanza unaenda.

Namba moja kwangu ni Absolute Martian Manhunter, na najua wengi watashangaa sababu huyu shujaa hata wapenzi wa komiki wengine hawamjui. Kaandika Deniz Camp, kachora Javier Rodríguez, na Rodríguez rangi pia kapiga mwenyewe, hapo ndo siri yote ilipo. John Jones ni mpelelezi wa FBI, ananusurika kwenye mlipuko, anaamka kuna kiumbe kichwani mwake kinaongea naye, na kuanzia hapo anaona mawazo ya watu kama moshi wa rangi. Sasa fikiria mchoraji anayejua rangi akipewa kazi hiyo! Kila hisia ina rangi yake, moshi unapita kati ya vibox vya picha, unaingia ukurasa wa pili, jicho lako linaufuata bila kuambiwa. Afu chini ya hayo yote ni hadithi ya baba ambaye nyumbani yupo ila hayupo, mke na mtoto wanamsubiri arudi kiakili, na hilo linakamata kuliko ugomvi wowote. Hiki kinunue cha karatasi, toleo kwa toleo ukiyapata, na kama yameisha basi juzuu, ila usikisomee kwenye simu ndogo, kurasa zimepangwa zionekane nzima. Kilipangwa kuwa matoleo 6 wakakiongeza hadi 12, kwahiyo pia sio kitabu cha kukufilisi, kina mwisho wake.

Namba mbili, Absolute Wonder Woman, Kelly Thompson kaandika, Hayden Sherman kachora, rangi za Jordie Bellaire. Mwaka 2025 kilishinda Eisner, tuzo kubwa ya komiki Marekani, ya mfululizo mpya bora na mi nasema ilistahili kabisa. Diana huyu, yaani Wonder Woman mwenyewe, hakukulia kisiwani na Waamazoni wenzake, kalelewa kuzimu na mchawi Circe, ana upanga mkubwa ajabu na farasi wa mifupa mwenye mabawa. Ukisikia hivyo unadhani ni kitabu cha giza na hasira tupu, kumbe ni kinyume, huyu binti ndo mwenye huruma kuliko wote, na zile kurasa za Circe akijifanya hana habari na mtoto aliyeletewa huku moyo unamlainika taratibu, jamani, hizo ni kurasa bora za mashujaa nilizosoma kwa muda mrefu. Juzuu la kwanza linaitwa The Last Amazon. Kama unamnunulia mtu ambaye hajawahi kusoma komiki za mashujaa maishani mwake mpe hili kabla hata ya namba moja yangu.

Tatu ndo anakuja Absolute Batman. Najua kwa mauzo huyu ndo baba lao, toleo la kwanza limechapwa upya mara kibao, na kila mtu anamtaka. Scott Snyder na Nick Dragotta wamemnyang'anya Bruce, yaani Batman mwenyewe, utajiri, ni injinia wa jiji, mama yake yu hai, baba yake alikuwa mwalimu, na Alfred sio mtumishi wa nyumba tena, ni jasusi aliyetumwa kumchunguza. Oswald, Harvey, Edward na Waylon, ambao wasomaji wa zamani wanawajua kama maadui, hapa ni marafiki zake wa utotoni, na hilo ndo linanifanya nisome kwa wasiwasi kila nikifungua maana unajua kuna siku kitaharibika kitu. Dragotta anajaza ukurasa haswa, vibox vidogo vingi afu ghafla picha moja kubwa inakupiga usoni, kwahiyo dola 5 zako zinasomeka kwa muda, sio zile komiki unamaliza kabla chai haijapoa. Mbona wa tatu basi? Kwasababu ukatili umekuwa mwingi, hasa ile sehemu ya adui yake Bane, pale sehemu zingine naona wanatafuta kushtua tu. Bado nunua. Anza na juzuu la The Zoo lenye matoleo sita ya mwanzo, ukilipenda ndo uunge na matoleo mapya ya kila mwezi. Usihangaike kabisa na toleo la kwanza la chapa ya kwanza kwa bei za walanguzi, hadithi ni ile ile, chapa ya nne ina maneno yale yale.

Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto nakiweka cha nne, ila hiki ni cha juzuu, nasisitiza. Peter, yaani Spider-Man, hapa ni mtu mzima, ana mke, MJ, ana watoto wawili, na nguvu anazipata akiwa na familia tayari. Uncle Ben, yule mjomba aliyekufa kwenye hadithi za zamani, yu hai! Anafungua chombo cha habari na Jameson, yule bosi wa gazeti, na maongezi yao mezani ni matamu kuliko mapigano. Tatizo ni kwamba Hickman anaenda pole pole, toleo moja linaweza lisiwe na tukio kubwa lolote, ukisoma moja kwa mwezi unalalamika, ukisoma sita kwa mkupuo unaelewa alikuwa anajenga nini. Hadithi nzima ni matoleo 24, juzuu la kwanza ni Married with Children, nunua taratibu moja moja.

The Ultimates nacho kaandika Camp huyo huyo, na Juan Frigeri ndo mchoraji. Nakiweka cha tano kwasababu kinahitaji umakini, wahusika wengi, siasa nyingi, watu wanajaribu kuikomboa dunia iliyogawanywa na watawala wachache. Ukishapenda namba moja yangu utakipenda, usipoipenda achana nacho.

Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval ni nzuri, michoro imeshiba, ila huo mwanzo umezunguka sana nyuma na mbele, subiri juzuu. Absolute Flash vile vile. Ultimate X-Men ya Peach Momoko inategemea kama michoro yake ya rangi za maji inakukamata, fungua kurasa tano utajua, mimi inanikamata ila simlazimishi mtu.

Sasa vitu vya kuacha. Kava mbadala zile za uwiano, unaambiwa moja kwa ishirini na tano, maana yake duka limelazimika kuagiza nakala 25 za kawaida ili lipate hiyo moja, na gharama hiyo inarudi kwako. Ndani ni kitabu kile kile. Kama unampenda mchoraji wa kava sawa, ila usinunue ukidhani unaweka akiba, maana kava zenyewe ni nyingi mno. Matukio makubwa yale ya kuunganisha vitabu ishirini nayo yaache, soma ule mfululizo mkuu tu, vipande vya pembeni vingi havina uzito. Na namba moja kubwa kwenye kava haimaanishi ni mwanzo, mara nyingi wameanza kuhesabu upya tu na hadithi inaendelea ilipoishia, soma maelezo kwanza.

Kwa mwenye bajeti ndogo kabisa, digitali. Marvel Unlimited unalipia kwa mwezi na vitabu vinaingia miezi mitatu baada ya kutoka dukani, humo Ultimate yote unaipata. DC Universe Infinite ya kawaida inachelewa miezi sita, ile ya bei ya juu mwezi mmoja, ila haipo nchi zote kwahiyo hakikisha kabla hujatoa kadi. Na kwa hadithi za DC za zamani kuna DC Compact, walizianza 2024, vitabu vidogo vya dola 10 vyenye hadithi nzima, maandishi yamebana kidogo ila kwa bei hiyo sijaona cha kushindana nazo.

Ukiamua karatasi ya kila mwezi, weka oda mapema. Maduka yanafunga hesabu wiki kama tatu kabla ya kitabu kutoka na yakibaki na nakala mengi hayawezi kuzirudisha, ndo maana wanaagiza kwa woga na vitabu vya watu wasiojulikana vinaagizwa vichache. Batman utamkuta tu hata ukichelewa. Huyo Martian Manhunter ndo mtajie muuza duka wiki hii hii.