Mkonga wangu umelainika, lakini ile gereji ya Arusha sirudi

Nina Land Cruiser mkonga ya zamani, HZJ75, zile za kabla ya 1999 ambazo mbele na nyuma zote ni springi za mabapa. Anayeiendesha anajua: ikiwa tupu kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, kiuno kinakoma. Njia yangu ni Karatu na Mang'ola, nashuka na mbolea, napanda na vitunguu. Niliipeleka gereji moja Arusha yenye sifa kubwa, nikawaambia jambo moja tu: nataka ilainike.

Fundi hata uvunguni hakuingia. Alibonyeza bodi kwa nyuma, akasema springi zimechoka, akaongeza mabapa mawili kila upande na kuweka bushi mpya. Nikamwuliza, ukiongeza bapa si ndiyo inazidi kuwa ngumu? Kimya. Halafu namwona anakaza bolti za bushi gari ikiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Nikasema, "Fundi, ishushe kwanza ikae kwa uzito wake ndiyo ukaze." Akanitazama juu mpaka chini mbele ya vijana wake: "Mama, wewe kazi yako kuendesha. Haya mambo tuachie wanaume."

Hasira niliyokuwa nayo! Na nilikuwa sahihi. Bushi ni mpira unaokaa kwenye tundu la mwisho wa springi, bolti inapopita. Ukiukaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unabanwa katika hali hiyo hiyo. Gari ikigusa chini unajisokota, unabaki umesokotwa muda wote, unaing'ang'ania springi isicheze, na kila shimo linauchana zaidi. Fundi wa springi asiyejua hilo anakula hela za watu bure.

Safari ya kwanza tu kushuka Mang'ola, nyuma imeinuka, shokapu ni zile zile fupi, zimevutwa karibu na mwisho wake. Kila rasta ni chuma kwa chuma. Kabla sijafika, shokapu moja ikakatika sikio la chini. Nikachungulia: mpira wa bushi, mpya kabisa, umechomoza nje kama ulimi wa mbuzi aliyechinjwa. Bushi nilizolipia mimi!

Aliyeniokoa ni fundi wa Karatu anayefanyia kazi chini ya mti. Alifungua springi zote, akatoa bapa moja kila upande, akasugua kutu kwa brashi ya waya na kupaka grisi katikati ya mabapa. Alinionyesha yalivyokuwa yamegandana. Yasipoteleza, springi inakuwa pande moja la chuma. Akaweka bushi nyingine na shokapu za urefu unaofaa, akaishusha, akaitikisa ikae vizuri, ndipo akakaza. Mwisho akapima upepo wa matairi, nyuma PSI 50, na gari haina mzigo. "Mama, hapo unaendesha mawe." Kwenye vumbi nikiwa tupu nashusha hadi 30 na kitu, nikipakia au nikiingia lami nauongeza. Upepo peke yake ulibadilisha nusu ya mambo, na Arusha hakuna aliyeugusa.

Sasa niseme haki. Bapa moja lililobaki linanisaidia sana nikipakia vitunguu, nyuma hailali tena. Kwa hiyo yule wa Arusha hakukosea kila kitu, na ningekuwa radhi kumpa nusu ya sifa. Ila nilipompigia kuhusu shokapu iliyokatika, bila hata pole, akasema barabara zetu ndizo mbovu, akakata simu. Barabara zetu! Kwani mkonga ulitengenezwa kwa ajili ya sebuleni? Hapana, hata hiyo nusu naifuta. Msimpelekee gari, hata ya kubadilisha oili.

Wa Karatu mwendeeni mapema asubuhi. Mchana magari ya vitunguu yanakuwa yamemjaa, na hakazi bolti mpaka gari ikae chini, hata umharakishe vipi.