Amplifaya ndogo ya kupigia gitaa nyumbani: uzoefu wangu wa miezi saba Kahawa West

Ninaishi katika orofa ya tatu ya jengo moja la Kahawa West, mtaa wa Nairobi, na ukuta unaotenganisha sebule yangu na ya jirani ni mwembamba kiasi kwamba ninajua anapokoroga chai. Mtoto wetu hulala saa mbili na nusu usiku. Muda wangu wa gitaa, kwa hivyo, ni kati ya saa tatu na saa nne, mtoto akiwa chumba cha pili na jirani akitazama taarifa ya habari upande wa pili wa ukuta. Yote nitakayoeleza yanatokana na hali hiyo, na anayeishi katika nyumba iliyo peke yake ndani ya ua wake ana uhuru ambao mimi sina.

Nilirudi kwenye gitaa baada ya kulitundika ukutani kwa miaka tisa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kununua amplifaya kubwa, yaani kile kifaa kinachokuza sauti ya gitaa la umeme. Ilikuwa ya mtumba, ya wati 50, yenye spika ya inchi 12, na aliyeniuzia alisema ilikuwa ikitumika kanisani. Nilidhani kifaa kikubwa nitakipunguza tu sauti, mambo yaishe. Kumbe kifungo chake cha sauti kilikuwa kimya kabisa kwenye sifuri, na kabla hakijafika kwenye moja, vikombe vilikuwa vinatetemeka kabatini. Katikati ya hapo palikuwa na nafasi nyembamba kama unywele, na hata nilipofaulu kukisimamisha hapo, gitaa lilisikika kama redio iliyofunikwa blanketi. Siku ya tatu nilikutana na jirani kwenye ngazi akaniuliza kwa upole, "Baba Imani, jana mlikuwa na wageni?" Niliiuza kwa hasara mwezi huohuo.

Kosa hilo lilinifundisha kusoma habari za wati, ambazo wanunuzi wengi huzielewa vibaya kama nilivyokuwa mimi. Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, sauti hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haistaajabu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inabidi izidi takriban mara kumi. Maana yake ni kwamba wati 10 hazifanyi kelele nusu ya wati 20. Ziko karibu sana, na zote mbili ni nyingi mno kwa sebule yangu. Kwa mazoezi ya nyumbani swali la kuuliza ni kama kifaa kinasikika vizuri kikiwa chini, kwenye sauti ambayo watu wawili wanaweza kuendelea kuongea bila kuinua koo.

Kosa la pili halikuwa langu peke yangu. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Marekani na kuniletea zawadi, amplifaya ndogo nzuri yenye ngozi nyeusi na kishikio cha shaba. Plagi yake ilikuwa na pini mbili bapa, nami nikaichomeka kwenye kile kigeuzi cha plagi cha wasafiri, nikaiwasha, nikasikia mlio mmoja mfupi, kisha harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani. Marekani hutumia volti 120, sisi hutumia 240, na kigeuzi cha plagi hubadilisha umbo la pini tu, volti hakizigusi. Fundi aliyeifungua alinionyesha transfoma iliyoiva, akatikisa kichwa. Mtu anaweza kununua transfoma ya kushusha umeme, lakini ile niliyoonyeshwa ilikuwa nzito kuliko amplifaya yenyewe. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza bei ya chochote kilichotoka ng'ambo, mimi hukigeuza na kusoma kibandiko cha nyuma. (Shemeji hajaambiwa. Anaamini naipiga kila siku.)

Jumamosi moja nilishuka mjini nikiwa nimetenga shilingi elfu ishirini, nimelibeba gitaa langu mgongoni. Ninasisitiza hilo la kubeba gitaa lako mwenyewe, kwa sababu gitaa la dukani lenye nyaya mpya litakudanganya. Maduka ya vifaa vya sauti katikati ya jiji, hasa ukiwa karibu na Luthuli Avenue, yana kelele za kushindana: kila mlango una spika inayonguruma, makanga wanaita abiria, na muuzaji akitaka kukupendezesha hupandisha sauti. Kila kitu huwa kitamu kikiwa juu. Nilimwomba kijana aliyenihudumia anipeleke nyuma ya duka, afunge mlango, na apunguze hadi tuweze kuongea. Alicheka. "Kastama, wengine huja hapa wakitaka ipasue vioo." Lakini alinivumilia kwa saa nzima, na nilijaribu tatu.

Ya kwanza ilikuwa Fender Frontman 10G, ya wati 10 na spika ya inchi sita. Ni kifaa cha moja kwa moja: kuna kitufe kimoja cha kuingiza mkwaruzo (ile sauti ya gitaa inayokwaruza kama ya roki), vifungo vya sauti nyembamba na nzito, tundu la hedifoni, na hakuna mwangwi wala madoido mengine. Kwa mtu anayeanza kabisa ningeipendekeza bila wasiwasi, maana hakuna cha kumpoteza. Mimi niliiacha kwa sababu mbili: inategemea umeme wa ukutani pekee, na bila mwangwi wowote gitaa huwa kavu sana linapopigwa chini.

Ya pili, Roland Micro Cube GX, ilinisumbua akili njia nzima ya kurudi nyumbani. Ni ya wati 3, spika ya inchi tano, na hutumia betri sita za AA. Ndani yake kuna aina nane za sauti, mwangwi wa chumba, na hata kipimo cha kukaza nyaya. Kama ningekuwa napiga mitindo mingi, hii ndiyo ningechukua. Tatizo lilikuwa langu: ninapopewa machaguo nane, mimi hutumia saa yangu moja ya usiku nikizungusha vifungo badala ya kupiga gitaa.

Niliyoondoka nayo ni Boss Katana Mini, wati 7, spika ya inchi nne, uzito wa kilo moja na kitu, yaani chini ya pakiti ya unga wa ugali ya kilo mbili. Ina sauti tatu tu, safi, ya mkwaruzo wa wastani na ya mkwaruzo mzito, halafu vifungo vitatu vya kurekebisha sauti nzito, ya kati na nyembamba, na mwangwi wa kurudia wenye vifungo viwili. Hiyo sauti safi ndiyo iliyoniuza. Mimi hupiga benga, muziki wa dansi wa Kenya, na benga, ambayo ilizaliwa vidole vya wapigaji vilipohamishia kwenye gitaa mambo ya nyatiti, kinubi cha Waluo, inataka kila noti isimame peke yake, nyembamba na yenye kung'aa, hata mkono unapokimbia. Amplifaya nyingi ndogo hutengenezwa kana kwamba kila mnunuzi anataka roki nzito. Huwa na mkwaruzo wa kutosha kupasua mbao, lakini ukiitafuta sauti safi unakutana na kitu chembamba kama bati. Hapa niliweka sauti ya kati juu kidogo kuliko nusu, nzito chini ya nusu, mwangwi wa kurudia mara moja tu kwa mbali, nikapiga chini ya sauti ya mazungumzo, na kila noti ilisimama. Yule kijana wa duka aliacha kuangalia simu.

Spika ya inchi nne ina mipaka yake, na ni vizuri kusema wazi. Waya mzito wa gitaa, ule wa juu kabisa karibu na kidevu, hutoa mtetemo wa mara 82 kwa sekunde, na spika ndogo namna hiyo haina kifua cha kuusukuma. Unachosikia ni vivuli vya juu vya noti ile, na ubongo hujaza uliobaki. Kwa sehemu ya gitaa la kuongoza, ambalo katika benga hukaa juu, sijawahi kuhisi upungufu. Kwa anayetaka kufanya mazoezi ya besi, asiitazame hata mara mbili.

Boksi lilikuwa na amplifaya bila adapta, kwa kuwa Boss huiuza kando, na hapo nilikaribia kufanya kosa la tatu. Nyumbani nilikuwa na adapta ya kifaa cha intaneti, ya volti 9, yenye ncha iliyoingia barabara kabisa. Nikakumbuka harufu ya ile plastiki, nikasoma alama kwanza. Adapta za Boss huwa na hasi katikati ya ncha na chanya nje, ilhali ile ya intaneti ilikuwa na chanya katikati. Nilirudi dukani wiki iliyofuata nikanunua inayofaa.

Hata hivyo, betri ndizo ninazotumia zaidi. Kampuni inataja kiasi cha saa saba kwa betri sita za alkali, na kwa matumizi yangu ya usiku hilo ni wiki moja ya kazi, muda usioridhisha ukilinganisha na Micro Cube, inayokaa mara kadhaa ya hapo. Nilinunua betri za kuchaji, seti mbili, moja ikiwa ndani na nyingine kwenye chaja. Siku ambazo stima hupotea saa mbili usiku, na huku kwetu haipotei kwa kubahatisha, wengine hutoka kwenye varanda kupiga soga gizani, nami hupiga gitaa langu mapajani bila hofu. Jirani wa chini aliwahi kuita kutoka kwenye ngazi, "Baba Imani, rudia ile ya mwanzo!" Sikuwa nimejua kwamba ananisikia, wala kwamba anapenda.

Jambo moja lilinitesa mwezi wa kwanza nikadhani nimeuziwa kifaa kibovu. Kulikuwa na mvumo mdogo usiokoma, na niliposhika noti ya kituo cha tatu (nafasi ya tatu kwenye shingo ya gitaa) kwenye waya mzito, mvumo na noti vilikuwa karibu kulingana. Sababu ni kwamba umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, mvumo wake husikika zaidi kwenye 100, na ile noti iko kwenye 98. Pikapu za gitaa langu, na hapa sizungumzii gari, ni za koili moja moja, sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, na koili kama hiyo hunasa umeme wa chumba kama vile inavyonasa mtetemo wa nyaya. Kubadili kutoka adapta hadi betri kulipunguza kidogo tu, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa ikiingilia kwenye gitaa lenyewe. Dawa ilikuwa kuhamisha kiti. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwenye televisheni na chaja mbili za simu. Nilipokwenda upande wa dirisha na kugeuka robo mzunguko, mvumo ulififia hadi nikausahau. Mwenye gitaa la koili pacha, ambazo huzungushwa kinyume ili zifutiane mvumo, hatakutana na shida hii.

Hedifoni nazo, ambazo nilidhani ndizo zingekuwa suluhisho langu kuu, nimezitumia labda mara kumi. Ukizichomeka spika hunyamaza, nyumba inabaki na tikitiki kavu za nyaya tu, na sauti ni safi. Lakini nikizivaa simsikii Imani akiamka, na mke wangu anasema mtu aliyevaa hedifoni usiku huitwa mara nne kabla hajajibu. Kwa hivyo ninacheza kwa spika, kifungo cha sauti kikiwa kati ya mbili na tatu, na nimeweka alama ndogo ya rangi ya kucha mahali ambapo kabla ya hapo jirani hasikii na baada ya hapo anasikia. Alama hiyo tuliitafuta pamoja na jirani, yeye akiwa sebuleni kwake akigonga ukuta mara moja kila sauti ilipomfikia.