Kibanio au koili: mshipa uliotuna nyuma ya jicho

Mtu wa Likoni akianza kuiona feri nusu, asikimbilie miwani tu. Ateri iliyotuna ubongoni huweza kukandamiza neva ya jicho.

Njia mbili za kuitibu ni kibanio na koili. Kwa kibanio, fuvu hufunguliwa na shingo ya uvimbe hubanwa. Daktari anaweza kisha kuutoboa ukanywea, neva ikapata nafasi papo hapo. Ila kuigusa neva iliyokwisha kudhoofika kwaweza kulipofusha jicho lenyewe.

Koili, yaani nyaya laini za platini zilizojikunja, hupitishwa kwa mrija kutoka kinenani hadi kuujaza uvimbe. Kichwa hakipasuliwi, kupona ni haraka. Lakini uvimbe uliojazwa unaweza kuendelea kukandamiza, na picha za marudio hazikwepeki (nauli hizo!).

Jicho likififia na mgonjwa ana nguvu, mimi naegemea kibanio. Mzee mwenye moyo dhaifu, koili.