Chupa ya mililita 40 inayochora kivuli: Tamiya Panel Line Accent Color kwenye magari ya 1/24

Kwa miaka 19 kazi yangu ilikuwa kunyoosha bodi za magari. Mtu akileta gari na kuapa kwamba halijawahi kugongwa, sikuhangaika na rangi. Nilipitisha macho kwenye mianya: boneti na gadi, mlango wa mbele na wa nyuma, buti na taa. Mwanya ukianza mwembamba juu ukaishia mpana chini, gari hilo lina mambo yake. Siku hizi mgongo hauniruhusu kulala chini ya gari, nikahamia kwenye magari yanayokaa kiganjani, yale ya plastiki ya kuunganisha, kipimo cha 1/24. Jicho nimehama nalo. Mpaka leo kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye modeli ni mwanya.

Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu chupa hii ya Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, na si kuhusu gari lenyewe. Magari mazuri ya kuunganisha yapo mengi, na wengi wetu tunayamaliza vizuri: rangi imekaa, klia, ile rangi angavu ya juu, inang'aa mpaka unajiona usoni. Halafu unaliweka gari kabatini, unarudi nyuma hatua mbili, na unachokiona ni kipande cha sabuni kilichochongwa umbo la gari. Kila kitu kipo na bado si gari. Ilinichukua modeli nne kuelewa kinachokosekana.

Chukua gari halisi la kisasa. Mwanya wa mlango wake ni kama milimita 4. Mwanga ukiingia humo haurudi, unapotelea ndani kwenye giza la nguzo na mipira. Sasa gawanya milimita 4 kwa 24: unapata karibu 0.17. Hakuna anayetegemea mstari mwembamba kiasi hicho ubaki wazi baada ya praima (rangi ya kutangulia), rangi na klia, kwa hiyo kwenye modeli huchongwa mpana zaidi ya kipimo, na haupenyi kwenda popote. Ni mfereji mfupi wenye sakafu, na sakafu hiyo umeipulizia rangi ileile ya bodi. Mwanga unaingia, unagonga sakafu, unakurudia. Jicho haliambiwi kwamba hapa kuna mlango; linaambiwa hapa pana mkwaruzo uliopakwa rangi.

Kazi ya chupa hii ni kuweka kivuli pale ambapo mwanga unakataa kukiweka.

Ndani yake ni rangi ya enameli iliyokwisha kuongezwa thina mpaka ikawa nyepesi karibu na maji. Kifuniko kina brashi nyembamba. Chembe za rangi hutuama chini, kwa hiyo tikisa sana kabla ya kufungua, na ukikaa nayo wazi kwa muda funga utikise tena. Kuna nyeusi, kijivu, kahawia, na zile zilizokolea zaidi, kijivu kilichoiva na kahawia iliyoiva. Jinsi ya kuitumia utaielewa mara ya kwanza tu: unagusa nukta moja kwenye mstari kwa ncha ya brashi, unaacha, na rangi inakimbia yenyewe ndani ya mfereji, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Inafika kwenye kona, inapinda, inaendelea. Ikichoka unagusa tena pale ilipoishia. Mlango mzima nauzungusha kwa miguso minne au mitano. Hakuna kuchora, na mkono ukitetemeka haidhuru, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu si dogo.

Lakini inakimbia hivyo juu ya uso unaong'aa tu. Juu ya rangi isiyong'aa inasambaa pembeni na kuacha doa linaloganda kwenye vinyweleo vya rangi. Sisi wa magari tuna bahati hapa, maana bodi zetu huishia kung'aa. Wenzetu wa modeli za vifaru vya vita hulazimika kupuliza klia ya kung'aa kwanza, halafu kuiua tena baadaye.

Kufuta ndiko kunakotenganisha kazi safi na kazi chafu. Mimi nasubiri nusu saa hivi, rangi iwe imekauka juu juu. Nachukua kijiti cha pamba chenye ncha, nakilowesha kidogo kwa X-20, ile thina ya enameli ya Tamiya, halafu nakikausha kwenye karatasi laini mpaka kibaki na unyevu tu. Nafuta kwa kuukata mstari, yaani upande wa mlango kwenda upande wa gadi. Usifute kuufuata mstari, kwa sababu pamba itazama ndani na kuifyonza rangi yote uliyoiweka. Na soma lebo ya thina vizuri: X-20 na X-20A ni vitu viwili. Hiyo yenye A ni ya rangi za akriliki. Haitakusafishia enameli inavyotakiwa, na kama chini una akriliki itaing'oa.

Hapo naingia kwenye jambo ninaloliona muhimu kuliko yote: nini kiko chini. Bodi zangu zote nazipulizia rangi za laka, zile za kopo za kupuliza za Tamiya ziitwazo TS au za bunduki ya kupulizia rangi, na klia ya laka juu yake. Laka iliyokauka sawasawa haijali thina ya enameli. Unaweza kupaka, kufuta, kutoridhika na kupaka tena mara tatu, na rangi ya chini ikabaki vilevile. Ukiwa umepaka bodi kwa enameli, kitambaa chako kitabeba kivuli pamoja na rangi ya gari. Mimi huiacha laka siku tatu kabla ya kuigusa, na sijawahi kujuta kwa kusubiri.

Plastiki tupu ni hatari zaidi. Thina ya enameli, iwe ya kampuni yoyote, ikituama kwenye plastiki ambayo haijapakwa rangi, hasa mahali ambapo plastiki imebanwa au imekunjwa kwa nguvu, inapenya na kuidhoofisha mpaka ipasuke. Nilijifunza hilo kwenye mikono ya sasupensheni ya modeli moja ya zamani. Nilikuwa nimechanganya rangi yangu mwenyewe ya kivuli kwa enameli na thina ya dukani, nikaimimina kwa ukarimu kwenye chesisi iliyokwisha kuunganishwa, magurudumu yakiwa yameshabanwa kwenye ekseli. Asubuhi gurudumu la mbele kulia lilikuwa limelala pembeni na shina lake limekatika kama biskuti. Tangu siku hiyo vipande vya chini navipaka rangi vikiwa bado kwenye fremu ya plastiki vinayokuja nayo, nagusa kivuli, nafuta ziada, naacha vikauke kabisa, ndipo naunganisha. Hakuna dimbwi linaloachwa kulala.

Sasa rangi ya kuchagua. Hapa najua nitapingwa. Wengi hununua nyeusi peke yake na kuitia kila mahali, na gari jeupe linaishia kuonekana kama picha ya kitabu cha watoto iliyopigwa mstari kwa kalamu. Nenda kasimame karibu na gari jeupe halisi utazame mwanya wa mlango. Si mweusi. Kingo zote mbili zimepakwa rangi nyeupe na zinarushiana mwanga, kwa hiyo unachokiona ni kijivu, kimekolea kidogo chini kuliko juu. Kwenye gari jekundu utaona wekundu uliozama, karibu na kahawia. Nyeusi iko kwa ajili ya mahali ambapo kweli kuna shimo: grili, matundu ya hewa, nafasi kati ya spoku za rimu, njia ya hewa kwenye bampa.

Nimeijaribu kanuni hiyo kwenye magari matatu ya Tamiya ya 1/24.

La kwanza ni Ferrari F40, jekundu kama inavyostahili. Gari hili lilitoka mwaka 1987 kuadhimisha miaka 40 ya kampuni, na kwa kazi hii ni darasa zima, maana limejaa mashimo na mistari. Kifuniko chote cha nyuma kinanyanyuka kwa mpigo mmoja, kwa hiyo nyuma ya mlango kuna mstari mrefu ambao ukikatika katikati kila mtu atauona. Kwenye mistari ya milango, ya kifuniko cha mbele na ya taa zinazoibuka nilitumia kahawia iliyoiva. Kwenye matundu ya hewa ya mbele na ubavuni nilitumia nyeusi. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iliyolipa gari kina: jicho linaelewa kwamba hiki ni kiungo cha paneli mbili na hicho ni koo la kumeza hewa. Injini ya V8 ya sentimita za ujazo 2936 na tabo (turbo) zake mbili niliipa nyeusi pia, lakini kwa brashi yangu namba 000, maana kati ya mabomba brashi ya kifuniko ni pana.

La pili ni Skyline GT-R ya R32, nyeupe, na hapo kijivu ndicho kilichokuwa mtihani. Nilipomaliza mlango wa kwanza nilidhani sijaweka kitu. Ulikuwa umepoa mno. Nikataka kurudi kwa nyeusi. Nikauacha usiku kucha, asubuhi nikautazama kwenye mwanga wa dirisha, na mlango ulikuwa umefungwa. Sina namna nyingine ya kusema. Ulikuwa mlango uliofungwa vizuri, wa gari lililotoka kiwandani. Fundi mwenzangu wa zamani alipita kunisalimu wiki hiyo, akaliinua, akapitisha ukucha polepole kwenye mwanya kutoka juu hadi chini, vilevile tulivyokuwa tukifanya kazini. Akaniuliza, “Kaka, huu unafunguka?” Nikamwambia haufunguki, ni kipande kimoja na bodi. Akapitisha ukucha tena.

La tatu ni Mercedes-Benz 300 SL, fedha. Milango yake inafunguka kuelekea juu kwa sababu chesisi ya mabomba imepanda sana ubavuni, pasingebaki nafasi ya mlango wa kawaida, kwa hiyo mistari ya mlango inapanda mpaka kwenye paa. Paa ndilo sehemu ya modeli inayotazamwa zaidi ya zote kwa kuwa tunayatazama magari haya kutoka juu. Nilitumia kijivu kilichoiva. Fedha ni rangi ngumu: chembe zake za metali hukwaruzika ukizifuta uchi, na kivuli hutuama kati yake kikaifanya ionekane chafu. Klia kwanza, isuguliwe, ndipo kivuli. Kwenye yale matundu ya ubavu nyuma ya gurudumu la mbele nilibandika karatasi ya metali ya Bare-Metal Foil juu ya fito, nikaikanda kwa kijiti, ndipo nikagusa nyeusi nyuma yake. Na mabomba ya chesisi, ambayo Tamiya wameyatengeneza yote pamoja na injini iliyolazwa upande, yalipata kahawia kidogo pale yanapokutana. Kila kiungo kikaonekana kimechomelewa.

Kuna watakaosema unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa rangi ya enameli na thina. Ni kweli, nilifanya hivyo miaka, na bado nafanya ninapotaka rangi isiyokuwepo, mfano wekundu mzito wa gari la rangi ya divai. Ugumu ni kwamba kila mara mchanganyiko unakuwa tofauti, na mlango wa kushoto unaisha na kivuli chepesi kuliko wa kulia. Kwa chupa hii pande zote mbili zinalingana bila mimi kupima chochote, na kulingana pande mbili ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya kwa miaka 19.

Haitakusaidia, hata hivyo, kama mstari wenyewe umezibwa na rangi. Kabla ya praima mimi hupitisha ncha ya nyuma ya kisu mara mbili au tatu kwenye kila mwanya kuuongeza kina, bila kuukandamiza, kisha nausugua kwa msasa laini uliokunjwa. Ukiruka hatua hiyo, kivuli hakitakuwa na pa kukaa na kitafutika chote na kijiti cha kwanza. Fungua dirisha pia, maana harufu ya enameli si ya kuvumilia kwa saa mbili katika chumba kilichofungwa.

Kama unanunua moja kwanza, chukua kijivu kilichoiva. Kitakusogeza kwenye gari jeupe, la fedha na la buluu. Ya pili iwe kahawia iliyoiva. Chupa yangu ya nyeusi, niliyoinunua kabla ya zote, bado iko zaidi ya nusu, na ya kijivu nimeshaanza ya pili. Futa shingo ya chupa kabla ya kufunga, la sivyo kifuniko kitanatia na utakuja kukifungua kwa koleo. Mezani sasa kuna bodi ya njano ikisubiri siku yake ya tatu. Naona kwenye njano kahawia ya kawaida itatosha, na ile iliyoiva itakuwa nzito. Nitaanzia kwenye kifuniko cha tanki la mafuta, kwa sababu ni kidogo, na nikikosea kinafutika.