Hereni na bangili za Tingatinga: zipi za kuvaa, zipi za kuangalia tu

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache alizoea kuchora mnyama mmoja kwenye ubao wa mraba, kwa rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli. Mtindo wake sasa umehamia masikioni na mikononi, na kwa kweli unapendeza sana pale mchoraji anapokumbuka alivyoanza Tingatinga mwenyewe.

Hereni ya upana wa sentimita 3 haiwezi kubeba Serengeti nzima. Ukipanga humo twiga, pundamilia, mbuyu na Mlima Kilimanjaro, mtu aliyesimama hatua mbili mbele yako ataona madoadoa tu. Chukua yenye mnyama mmoja juu ya rangi moja: ndege mwenye nukta mgongoni, au chui aliyejikunja kufuata duara la kishaufu, kile kipande kinachoning'inia. Bangili ina nafasi zaidi, hivyo msururu wa samaki unaikaa vizuri. Kagua pale mkia wa mwisho unapokutana na kichwa cha kwanza. Mchoraji ambaye hakupima kabla ya kuanza huwa amembana samaki wa mwisho.

Rangi ya mafuta hung'aa, na koti la chini likishakauka halichanganyiki na la juu, ndiyo maana nukta za Tingatinga zinasimama wazi. Shida yake ni muda. Kila koti linataka karibu siku nzima kabla ya jingine, na hata uso ukikauka, ndani hubaki laini kwa wiki kadhaa. Nusa bangili, kisha gusa kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikinuka tina, ile ya kuyeyushia rangi, au ikishika alama, iache, kwani itanata kwenye nguo na kuokota nyuzi.

Hereni za bati au aluminiamu ni nyepesi, lakini rangi haishiki kwenye bati laini ambalo halikupigwa msasa na praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza. Hubanduka kuanzia ukingoni na kuzunguka tundu, kwa sababu kulabu inasugua hapo. Tundu lililotobolewa baada ya kupaka utalijua: rangi imemeguka pembeni. Bangili za bati zenye mwanya, zile za kupanua ili ziingie mkononi, hatuzipendekezi kabisa. Bati linapinda, rangi haipindi, na ufa hauchelewi.

Bangili ya mbao ndiyo bora kuliko zote, mradi iwe ya kipande kimoja na ipakwe vanishi hata ndani. Ikiachwa wazi ndani, mbao hunywa jasho, huvimba, na rangi ya nje hupasuka kufuata nyuzi zake. Kipenyo cha ndani cha sentimita 6.5 huwatosha wanawake wengi. Kunja kidole gumba kiganjani, pima upana wa mkono pale ulipo mnene zaidi, ndipo ununue.

Kulabu za hereni ni za kubadilisha mapema. Nyingi huwa na nikeli, ambayo huwasha masikio ya watu wengi, na zile za chuma hushika kutu kwa jasho. Shika kipete, kile kiduara kinachounganisha kulabu na hereni, kwa koleo mbili ndogo, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizivuta kando kitapoteza duara na hakitafunga tena. Weka kulabu za fedha 925, yaani zenye fedha asilimia 92.5.

Jipulizie manukato kwanza, yakauke, ndipo uvae. Spiriti na dawa ya kuondoa rangi ya kucha huyeyusha mng'ao. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kusafishia.

Kuhusu jina: kishaufu kipya chenye saini ya Edward hakikuchorwa na mkono wake. Waliorithi mtindo huu, wakiwemo wa ushirika wao wa Oyster Bay jijini Dar es Salaam, wana majina yao. Muulize muuzaji nani kachora, na kama mchoraji yupo, mwombe asaini nyuma ya hereni. Nafasi ipo.