Nyota moja kwa duka, na bunduki yenyewe, AR-15, bado sijui niipe ngapi

“Kwenu si mmezoea AK? Hii inataka mikono ya taratibu.”

Hilo ndilo jibu nililopewa kaunta, risiti mkononi, wateja watatu nyuma yangu wakisikia. Sikuuliza habari za AK. Tangu nizaliwe sijawahi kuishika. Niliuliza kwa nini bunduki niliyoitoa pale pale dukani majuzi, kwa zaidi ya dola 900, inabana ganda la risasi iliyokwisha kupigwa kila baada ya risasi tano sita.

Mimi si mtu wa bunduki. Naishi Texas, nafanya kazi na jamaa mwenye shamba, na nguruwe mwitu wanalimaliza usiku. Yeye ndiye aliyenishawishi nichukue AR-15: nyepesi, haipigi teke begani, na nguruwe wakija kumi huna haja ya kukoki upya kila risasi. Mke wangu aliposikia alinyamaza kwanza, halafu akasema, “Baba Neema, hiyo si ya jeshi?” Nikamrudishia maneno ya muuzaji kama kasuku: AR inatokana na jina la ArmaLite, kampuni iliyoibuni kabla ya kuiuzia Colt haki zake mwaka 1959; ya jeshi ni M16, hiyo inaweza kumwaga risasi mfululizo; hii ya raia ukivuta triga inatoka moja tu. Akauliza, “Na kwa kuziangalia zinatofautianaje?” Hapo nikatafuta glasi ya maji.

Huyo muuzaji, siku ya kuuza, alikuwa asali. “Chukua leo kaka, hawa wanasiasa watazifungia.” Sheria ya 1994 iliyozuia kuuza nyingi za namna hii iliisha muda wake 2004, na tangu hapo hofu kwamba itarudi ndiyo mpiga debe mkubwa wa maduka haya. Nami nikapanda gari. Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia bunduki, nchi niliyozaliwa, namba ya kadi ya ukaazi, kila kitu. Waliokuwa mbele yangu majibu ya kukaguliwa kwao yalirudi kabla hawajamaliza kuchagua mkanda wa begani. Mimi nikaambiwa nisubiri, nikasubiri siku kadhaa. Sikukasirika. Wakague tu.

Sasa kwenye uwanja wa shabaha. Magazini ya kwanza safi kabisa. Ya pili, katikati, triga ikawa kama imekufa. Nikaigeuza bunduki ubavu: ganda la shaba limesimama wima kwenye tundu la kutokea, limebanwa na boliti, chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi na kutoa ganda, kama kidole mlangoni. Nikalitoa. Risasi tano, tena. Ndipo nikarudi dukani nikakutana na hiyo habari ya AK, na nyongeza yake: “Hujaisafisha wewe.” Bunduki mpya! Nimeifuta mafuta kuliko ninavyopaka watoto.

Wiki iliyofuata nikaenda tena uwanjani kwa hasira. Watu wa pale ukiwatazama huwezi kusema mnunuzi wa bunduki hizi anafananaje. Kulikuwa na mama muuguzi na bintiye. Kulikuwa na kijana aliyeifunga yake taa, darubini na vishikio mpaka imekuwa nzito kuliko mtoto, na nguruwe hajawahi kumwona. Na meza ya jirani alikaa mzee aliyepigana Vietnam. Aliposikia nimeambiwa sijaisafisha alicheka mpaka akakohoa. Nao waliambiwa vivyo hivyo, akasema. M16 zao zilikuwa zikikwama vitani, lawama wakabebeshwa askari, kumbe jeshi lilikuwa limebadilisha aina ya baruti, na chemba za bunduki, pale risasi inapokaa, hazikupakwa kromu. Mpaka kamati ya bunge lao ilipochunguza mwaka 1967.

Akaomba yangu, akasukuma pini, akachomoa chuma kinachobeba boliti. Juu yake kuna kijibomba kinachopokea gesi ya risasi ili kukisukuma nyuma. Kinashikwa na skrubu mbili, na kiwandani chuma cha pembeni hugongwa kibane vichwa vyake zisilegee. Zangu hazikugongwa. Mzee akakigusa kwa ukucha, kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Gesi inavuja, boliti hairudi hadi mwisho, ganda linakosa pa kwenda.

Nikakibeba hicho chuma hadi dukani, nikakiweka kaunta bila salamu. Yule bwana akakitikisa, akaita fundi wa nyuma. Dakika kumi, bure. Pole hakusema. Hata “kumbe” hakusema.

Kwa hiyo duka nyota moja, na hiyo nampa fundi. Bunduki nilitaka kuipa mbili. Lakini tangu itengenezwe nimepiga risasi zaidi ya 200 bila kukwama, na inalenga vizuri hadi inanitia aibu kuisifia, basi nne. Hapana. Kijana wa mji wa Uvalde, jimbo hili hili, alinunua mbili za aina hii kihalali, siku chache baada ya kutimiza miaka 18, na Mei 2022 akaua watoto 19 na walimu wawili shuleni. Mimi na nguruwe wangu ndio tuliosubirishwa. Nikiishika naipenda, nikiirudisha kabatini namkumbuka yeye. Sasa hiyo unaipa nyota ngapi?

Kabati ni la chuma, na funguo anazo mke wangu. Jamaa akipiga simu usiku kwamba wameingia shambani, lazima nimwamshe Mama Neema kwanza, naye kabla ya kufungua huuliza, “Wangapi?”